Siku Sumaku Hakuitika

Mtaani kwetu Buyenzi, mjini Bujumbura, hakuna asubuhi isiyo na chuma. Mafundi wanagonga, wanasugua, wanachomelea, na sisi tuliozaliwa humo tunaweza kulala usingizi mzito hata mtu akinyoosha bampa chini ya dirisha. Sauti moja tu ndiyo inayonishtua mpaka leo: rimu tupu ya gari inapopigwa kwa spana, ile sauti inayoendelea kulia baada ya mkono kuacha. Ikinikuta sijajiandaa nasimama palepale nilipo, hata kama nina sufuria mkononi. Watoto wangu wananicheka. Wanadhani mama yao anaogopa kelele, na sijawahi kuwaeleza, kwa hiyo ngoja niwaeleze nyinyi kwanza.

Rimu ilikuwa ngoma yetu. Timu yetu iliitwa Spana, na msiitafute kwenye ligi yoyote kwa maana haikuwemo. Ilikuwa timu ya mafundi wa gereji za mtaani, wenye jezi za kijani zilizokwisha kuwa nyeusi kwa oili, wakicheza Jumapili kwenye uwanja wa vumbi ambako mbuzi walipita katikati ya penalti na refa akawasubiri. Timu kubwa za mji zilikuwa na majukwaa na tiketi. Sisi tulikuwa na rimu, na tulikuwa na Tantini Zaina.

Tantini alikuwa dada wa baba yangu. Siku za kazi alikaanga sambusa mbele ya gereji. Jumapili alikuwa mkuu wa mashabiki, na hakuna aliyempigia kura. Alikuwa na sauti ya kumwamsha aliyezimia. Refa mmoja aliwahi kumwomba ahamie upande wa pili wa uwanja kwa sababu masikio yalikuwa yanamuuma, naye akahama, akasimama nyuma ya mshika kibendera.

Tulikuwa na desturi yetu. Mchezaji wa Spana hakwenda uwanjani kwa miguu yake mwenyewe, alifuatwa. Inasemekana zamani straika wetu alikutwa njiani na wapinzani, wakamkaribisha ndani kwa heshima zote, wakamlisha maharage na ndizi mpaka akashindwa kuinama kufunga kamba za viatu. Tangu hapo mashabiki wote tulizunguka nyumba kwa nyumba tukiimba. Tukifika mlangoni, rimu inapigwa, tunamtaja mtu kwa jina lake la uwanjani, yeye anaitika kutoka ndani, "Niko!", kisha anatoka akiwa amevaa jezi na kuungana nasi. Asipoitika hatuondoki. Tuliwahi kuimba mlangoni kwa beki mmoja mpaka mkewe akaja kutuambia yuko chooni, tumhurumie.

Wa mwisho kufuatwa alikuwa golikipa, kwa sababu aliishi mbali, Mutakura, upande wa kaskazini, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba yake. Tulimwita Sumaku, maana mpira ulimnasa kifuani kama msumari. Alikuwa mrefu, mpole, na alikuwa na fulana ya njano ya mikono mirefu ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Glavu zake zilikuwa za kuchomelea, za ngozi, zilizopunguzwa vidole na mama yangu na kushonwa upya. Zililala nyumbani kwetu, na mimi ndiye niliyezibeba. Nilikuwa msichana wa darasa la nne mwenye kiburi kisichopimika: golikipa bora wa Bujumbura hakuweza kudaka bila mimi kufika.

Siwezi kusema sikujua kuna vita. Tulisikia milio, tulijua mitaa ilikuwa ikijigawa kwa makabila, huku wakibaki wale na kule wakibaki hawa. Lakini Buyenzi tulikuwa tumejidanganya kwa namna yetu. Watu wa kila aina walikuwa wakishika nyundo pamoja na kuswali pamoja, na wakubwa walikuwa na neno moja walilolirudia kwenye chai: sisi Waswahili, hii vita haituhusu. Nami nililiamini kama nilivyoamini kwamba maji ya ziwani hayaishi.

Wiki ile mji ulikuwa umefungwa. Vijana waliziba njia kwa mawe na matairi, hakuna aliyekwenda kazini, na hakuna habari iliyovuka kutoka mtaa hadi mtaa. Sumaku hakuonekana gereji, lakini nani alionekana? Jumapili njia zikafunguliwa, na Spana ilikuwa na mechi.

Baba yangu alisimama mlangoni. "Zaina, musiende. Akiweza kuja atakuja yeye mwenyewe."

"Tangu lini?" alisema Tantini, akijifunga kitenge kiunoni. "Mutu wa Spana hafiki peke yake. Na nani atatugusa? Watu wa mupira?"

"Mutoto abakie, basi."

"Na glavu zitabebwa na nani? Na we?"

Baba akatupisha mlangoni. Nikazikumbatia glavu zangu na kwenda.

Tulikuwa kundi la kujaza barabara: akina mama, watoto, na wachezaji tuliokwisha kuwafuata, wote ndani ya jezi. Tulivuka daraja la Ntahangwa tukiimba, na mwanzoni watu walitupungia. Kadiri tulivyopanda kaskazini, wa kupunga wakapungua. Vibanda vilikuwa vimefungwa. Nyumba fulani hazikuwa na mabati, kuta zimesimama wazi juu, na mimi nikajiuliza kwa nini watu wote waliamua kutengeneza mapaa wiki moja. Sauti zetu zilikuwa zikipungua bila mtu kuagiza. Ni Tantini pekee aliyeimba vilevile.

Nyumbani kwa Sumaku kulikuwa na kamba ya nguo, na kwenye kamba nepi na vifulana vya mtoto mchanga. Nilifurahi sana. Nikafikiri Sumaku ameoa na kupata mtoto bila kutuambia, na nikawa tayari nimeanza kumtania moyoni.

Rimu ikapigwa. Tukaimba. "Sumaku ee, toka, toka!"

Hakuitika. Tukaimba tena, zaidi, kama desturi ilivyotaka, na Tantini akapandisha sauti mpaka mbwa akalia. Mlango ukafunguka. Aliyetoka alikuwa kijana nisiyemjua, anatafuna, na amevaa fulana ya njano.

Mpaka leo sijui niueleze vipi mshtuko ule. Sikushtuka kwa hofu, kwanza, kwa sababu sikuwa bado nimeelewa cha kuogopa. Nilishtuka kama ambavyo ningeshtuka kumkuta mtu mwingine ndani ya ngozi ya baba yangu.  Na kabla wakubwa hawajapata neno, mdomo wangu ulikwisha sema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu:

"Hiyo ni ya Sumaku!"

Rimu ilikuwa bado inalia.  Ilipomaliza, vijana wengine walikuwa wametoka nyumba za jirani, mmoja baada ya mwingine, na mikononi mwao kulikuwa na vitu ambavyo sikuvitazama.

"Sumaku," alisema yule wa fulana, polepole. "Sasa ndio jina lake hilo? Na mi namutafuta. Nyinyi munajua kwenye amejificha?"

Nilimwona mchezaji aliyeshika rimu akirudi nyuma hatua.  Tantini akaweka mkono kiunoni kama aliye mbele ya sambusa zake.

"Baba, kama tungejua, tungekuja kuimba hapa kwenye jua? Sisi ni watu wa mupira tu. Tumekosa gardien. Lakini naona na we una mikono mirefu. Kuja udake, match ni saa tisa."

Mmoja wa wale vijana alicheka. Wa fulana hakucheka. Macho yake yalitua kwenye glavu.

"Lete."

Nilimtazama Tantini. Akaniashiria kwa kichwa nitoe. Nikatoa. Yule kijana akazivaa, akazigonganisha, na vumbi la uwanja wetu likapanda usoni mwake.

"Mi sidaki mupira, mama," alisema. "Mi nadaka watu."

Na Tantini akacheka. Wasomaji wangu, shangazi yangu alicheka, kicheko kile kile cha Jumapili, akamnyang'anya mchezaji wetu rimu na spana, akaipiga yeye mwenyewe. "Haya, imbeni! Tutacheza bila gardien, tutafungwa leo mpaka tusahau kuhesabu. Imbeni!"

Tukaimba. Tuligeuka na kuondoka tukiimba wimbo uleule, tukimwita Sumaku atoke, huku tumeipa nyumba yake mgongo. Kila aliyetaka kunyamaza alipigwa kiwiko. Kila aliyetaka kukimbia alivutwa nguo. Mimi nilikuwa nalia na kuimba pamoja, na nilimchukia Tantini kwa chuki ambayo sikujua ninayo. Fulana imeibwa, glavu zimechukuliwa, Sumaku hayupo, na yeye anaimba na kutingisha mabega!

Daraja lilipokwisha kuwa nyuma yetu, aliweka rimu chini katikati ya barabara na kukaa juu yake. Ndipo nilipoona kitenge chake kimelowa kuanzia kiunoni hadi miguuni. Mtu mzima, Tantini Zaina aliyeogopwa na marefa. Mchezaji mmoja alikuwa ameinama pembeni anatapika. Hakuna aliyecheza mpira siku ile.

"Hakuitika," Tantini alikuwa akisema, akijishika kichwa. "Alhamdulillahi. Hakuitika."

Sikuweza kuamini masikio yangu. Anamshukuru Mungu kwamba golikipa wetu hakuitika! Niliona kabisa kwamba amerukwa na akili, au hampendi Sumaku, na kwa siku nyingi nilikataa sambusa zake. Aliniwekea kila asubuhi, mbili kwenye kikaratasi, na kila asubuhi niliziacha zipoe. Alizila mwenyewe bila kunigombeza.

Spana haikufuatana tena. Vita, ambayo haikutuhusu, ilifika hadi Buyenzi nayo. Wachezaji wengine walivuka kwenda Uvira, upande wa Kongo, mmoja alizikwa, na uwanja ukaota majani ambayo mbuzi waliyashukuru. Tantini alifariki kabla ya amani, kwa ugonjwa wa kawaida, kitandani kwake. Nilikuwa nimekwisha kusema naye tena, lakini jambo lile hatukuligusa.

Nilikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni Sumaku aliporudi. Aliingia nyumbani kwetu ameinama kwa ajili ya mlango, mwembamba, ana mvi ambazo umri wake haukuzistahili, akaomba chai. Mama yangu alilia hadi akashindwa kuimimina. Sumaku akatueleza bila kupandisha sauti.

Siku ile tulipoimba, alikuwa nyumba ya pili. Jirani yake mjane, Mama Jenerosa, mwanamke wa upande uleule wa wale vijana, alimficha jikoni kwake nyuma ya magunia ya makaa. Aliwasikia wale vijana, waliokwisha kuhamia na familia zao, wakila ndani ya nyumba ya baba yake. Kisha akasikia rimu ikitokea mbali.

"Mi nilijua nyinyi mutafika," alisema. "Nikaomba musifike. Halafu mukasema jina yangu. Mama, mudomo ulifunguka wenyewe! Miaka yote ile, mukiita, naitika. Nilikuwa nimeshafika 'Ni...'"

Mama Jenerosa alikuwa akisonga ugali. Aliuchota ukiwa wa moto kutoka kwenye sufuria, kwa mkono wake mwenyewe, akamjaza mdomoni, akamshikilia. Ulimuunguza ulimi na kaakaa. Alilia bila sauti, ugali mdomoni, akitusikiliza tukimwita atoke, mara moja, mara nyingine, halafu tukienda zetu, jina lake likizidi kuwa dogo barabarani. Alisema hakuhisi maumivu ya moto mpaka wimbo ulipokwisha. Mama Jenerosa mkono wake ulibaki na kovu.

Niliketi chini na mtoto wangu, kama Tantini pale barabarani. Yule mtu wa fulana alikuwa hatua chache kutoka kwake, na sisi ndio tulikuwa tukimwita. Kama angetuitika kama tulivyomzoesha, angekufa mbele yetu, na sidhani tungevuka lile daraja. Na Tantini alilijua hilo palepale mlangoni, kabla ya wimbo kwisha. Alielewa pia kwamba tukinyamaza tumekuwa watu waliokuja kumtafuta mtu, lakini tukiimba tunabaki wapumbavu wa mpira, na wapumbavu huachwa wapite. Mimi nikamnunia kwa sambusa.

Spana imerudi. Jezi bado za kijani, ligi bado hatumo. Sumaku ni kocha, anaishi avenyu moja na sisi, na Jumapili mashabiki wanafuata watu nyumba kwa nyumba kama zamani, na mkuu wao, hakuna aliyenipigia kura, ni mimi. Vijana wananilalamikia kwamba kocha anaharibu desturi, kwa sababu kila tukikata kona kwenda kwake tunamkuta ameshatoka. Amesimama barabarani, mbele ya geti, viatu miguuni, hata kama mvua inanyesha. Hajawahi, tangu arudi, kuwa ndani ya nyumba tunapofika.

Ninawaambia wamwache. Kijana wa rimu amezoea sasa: tukikaribia kona ananitazama usoni, spana hewani, na mimi simruhusu apige mpaka nimemwona Sumaku kwa macho yangu.