Yule Aliyekubali Bei ya Kwanza

Haya yalinipata mimi mwenyewe, ndani ya duka langu, pale chini ya soko la Kadutu, nikiwa na akili zangu zote. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua wajanja wa Bukavu wataanza kuuliza nilikuwa nimekunywa nini. Chai. Na haikuwa na sukari, sukari imepanda.

Mimi nanunua kompyuta za zamani, natengeneza, nauza. Kila kitu nahesabu mara mbili, hata misumari ya skrubu, na hiyo ndiyo siri ya kudumu kwenye biashara hapa kwetu. Mke wangu yuko Uvira kwa ndugu zake, na watoto wako naye. Mimi nilibaki na duka. Mchana wateja wananisumbua, nafurahi. Jioni jirani wanafunga milango yao, kila mtu anapanda kwake, na mimi nabaki nikisikiliza feni ya mashine za watu.

Basi Maman Zawadi wa Cimpunda akaniletea kompyuta yake. Huyu mama anatarizi kanzu za kwaya na nguo za harusi kwa mashine inayoongozwa na kompyuta, na ile kompyuta ni mzee kweli. Haijui kipanya, haijui picha. Kioo cheusi, herufi nyeupe, inakungoja uandike amri. Ukipatia, inanyamaza. Ukikosea, ndipo inasema.

"Papa, michoro yote ya marehemu bwana yangu iko mule," aliniambia. "Tulizika muntu, lakini mikono yake iko mule ndani. Uitoe mule, uniwekee mu mashine mupya. Na usinipandishie bei juu ya huruma, sijalia hata kidogo."

Tulibishana bei mpaka chai yangu ikapoa. Huyo mama ni mtu.

Sasa sikiliza shida. Diski ya ile mashine ilikuwa inaguna kama mgonjwa wa malaria. Tundu la disketi lilikufa zamani. Njia ya kutolea michoro ilikuwa moja tu: kuweka kadi ya mtandao, kuvuta waya mpaka kwenye kompyuta yangu, na kuipitisha humo. Nikatafuta kadi ya rika lake katika lundo langu, nikaichomeka. Nilipowasha, diski ikakataa. Nikawasha tena, ikakataa. Mara ya tatu ikazunguka. Nikaapa kwamba haizimwi tena mpaka michoro imetoka.

Kadi peke yake haitoshi. Lazima uipe mashine programu ndogo ya kuifundisha kuongea na kadi, ile tunayoita draiva. Nikaipa. Ikaandika kwamba kila kitu kiko sawa. Halafu kuna amri moja ambayo kazi yake ni kuita tu: inauliza kompyuta ya upande wa pili, uko? Na ile inatakiwa ijibu, niko. Nikaita. Kimya. Nikabadilisha waya, nikaita. Kimya. Alasiri yote nilikuwa mtu mzima anayeita na hajibiwi.

Kuelekea saa kumi na mbili mvua ikashuka, na umeme ukaenda. Ile mashine na yangu nilikuwa nimeziunganisha na batri ya gari, kwa hiyo hazikuzimika, lakini taa ya batri ilikuwa imeshaanza kuwa nyekundu. Batri ikiisha, diski haiamki tena. Hilo nililijua kama ninavyojua jina langu.

Ndipo nikamwona mtu amesimama mlangoni. Alinipa mgongo, anatazama barabara, kama mtu aliyejikinga mvua.

"Karibu, Papa," nikamwambia.

Hakugeuka. "Inakataa kukujibu."

"Itajibu."

"Haitajibu. Kadi yako na ile tundu ya mashine ya kutarizi, bote babili banabisha na namba tatu. Hakuna mwenye kusikiwa. Peleka kadi kwa tano."

Nikuelezee. Ndani ya mashine hizo, kila kifaa kina namba yake ya kubisha mlango kwenye ubongo wa kompyuta. Vifaa viwili vikishika namba moja, vinazibiana sauti. Mimi nilisahau ile tundu kwa sababu mashine ya kutarizi yenyewe ilibaki Cimpunda, hapa palikuwa na tundu tupu. Yeye alijuaje habari ya kutarizi? Aliona kioo saa ngapi, na uso wake uko barabarani?

Niamini, sikuuliza hayo. Niliuliza linaloulizwa na kila mtu wa Kadutu akipewa msaada ambao hakuuomba.

"Na wewe unataka nini?"

"Ukae na mimi mpaka kukuche."

Nikacheka. "Ah, Papa, iyo ni nyingi! Sikiliza, mimi nitakuita mara moja kila jioni, sawa vile niko naita hii mashine. Uko? Na wewe ujibu, niko. Basi."

Nilianzia chini kabisa, kama inavyotakiwa, ili yeye apande, mimi nishuke, tukutane katikati. Ulikuwa mzaha.

"Nakubali," akasema.

Ndugu msomaji, hebu niambie. Umewahi kuona mtu wa Bukavu akikubali bei ya kwanza? Lazima alalamike, ataje watoto wake, aondoke, arudi. Yule alikubali kama mtu aliyekuwa tayari kupokea hata nusu ya ile niliyomtajia.

Lakini taa ya batri ilikuwa nyekundu. Nikaihamisha kadi kwenye namba tano, nikarekebisha mstari katika faili ambalo mashine inalisoma ikiamka, nikaianzisha upya kwa kibodi bila kukata umeme. Diski ikaguna, ikazunguka. Nikaita. Jibu likaja. Michoro ikaanza kupita: maua, majani ya migomba, misalaba ya kanzu, ndege. Nikahesabu upande wa huku na upande wa kule, mara mbili. Hesabu zikalingana. Batri ikafa, na ile diski haijazunguka tena mpaka leo.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Mvua ilikuwa palepale.

Maman Zawadi alipokuja, nilimuuliza kama marehemu alikuwa fundi wa mashine.

"Bwana yangu? Ye alikuwa anachora kwa karatasi. Mimi njo nilikuwa naingiza mule. Ye hata kuiwasha alikuwa anaogopa!" Nilipomsimulia yule mtu na bei yake, akaacha kucheka. "Mwenye kukubali bei ya kwanza? Papa, ule hatoke huku."

Nikajiambia mzaha ni mzaha, sikuita mtu. Jioni ile nilikwenda kwenye msiba Nyantende. Watu wanaimba, mimi nimekaa nyuma, na sauti ikaniuliza karibu kabisa na sikio: "Uko?" Kushoto palikuwa na mzee anayesinzia. Kulia palikuwa na kiti kitupu. Na ile sauti, naapa, ilikuwa yangu.

Kesho yake nilihamishia ile kadi kwenye mashine nyingine ya zamani. Ncha ya waya nimeining'iniza kwenye msumari, haigusi kitu chochote. Jioni nikaandika amri ya kuita. Jibu likaja.

Tangu hapo naita kila jioni. Silali nje ya Bukavu. Watoto wananipigia simu kutoka Uvira, "Papa, utakuja lini?" nawaambia ni biashara. Maman Zawadi anatarizi, wateja wake wamejaa, na kila nikiona kanzu ya kwaya yenye majani ya migomba najua ni nani anailipia.

Siku hizi jibu linachelewa. Zamani lilikuja kabla sijainua kidole. Sasa naweza kuwasha taa, kufunga dirisha, kurudi kukaa, ndipo lifike. Anakwenda mbali. Mkataba unakaribia kuisha wenyewe, na mimi nilipaswa kucheza ngoma. Wiki iliyopita niliita, akajibu, deni la siku likaisha. Nikaita tena. Bure kabisa, mimi ambaye sijawahi kumwongezea mteja hata skrubu.

Kwa hiyo wewe unayekaa peke yako dukani jioni, mtu akikubali bei yako ya kwanza, usipokee msaada wake. Mwache aende na mvua yake. Kazi ya mtu ikiharibika, mwenyewe atakutukana, na matusi ya Cimpunda yanavumilika. Ila usimruhusu mtu wa namna ile akuzoeze kuitikiwa.

Mimi nimechelewa. Ninapoandika haya nimeshaita, na bado nasubiri.