Anayepima Mzigo wa Mfumo Usiokuwepo

Saa tatu asubuhi, mwanamke mwenye sauti ndogo amesimama mbele ya ubao mweupe, kalamu mkononi. Anakagua mfumo wa kupokea simu za kuomba magari ya wagonjwa. Hakuna hata mstari mmoja wa programu ulioandikwa, lakini yeye anatafuta mahali utakapoangukia.

Ofisini wanamwita Mizani. Kwa miaka kumi na minne kazi yake imekuwa kukadiria mfumo utahimili watu wangapi, ungali mchoro tu.

"Nikisubiri wamalize, nitabaki kueleza ajali," anasema.

Anajua anachosema. Mwaka ambao mdogo wake alimaliza shule, mtandao wa matokeo ya mtihani ulizidiwa siku mbili nzima. Ulipofunguka, muda wa kuthibitisha nafasi ya chuo ulikuwa umepita.

"Aliniambia, 'Dada, kumbe nilifaulu.'"

Mwaka jana mtandao huo ulipotakiwa kujengwa upya, kazi ya kukadiria mzigo ilimwangukia yeye. Alizunguka shule kadhaa akiuliza wazazi na kugundua kwamba matokeo ya kila mtahiniwa hutafutwa na watu wanne, wengi wao dakika za mwanzo. Watahiniwa ni laki sita. Akaandika ubaoni: maombi elfu tisa ya kufungua ukurasa kwa sekunde.

Mkuu wa watengeneza programu alimwambia anatia chumvi. Mizani hakubishana. Aliomba kijengwe kipande kidogo cha majaribio, akakibebesha mzigo mbele ya mkuu huyo. Kiliganda kabla ya kufika maombi mia nane kwa sekunde.

Mkuu akauliza wafanyeje. Wakakubaliana kila ukurasa wa matokeo uandaliwe mapema, ili hifadhidata, ghala la matokeo yote, isiulizwe kitu siku yenyewe.

Miezi minane baadaye, matokeo yalitangazwa. Chumba kizima kilikodolea macho mstari mmoja kwenye skrini, ule wa maombi kwa sekunde. Ulipanda elfu tano, elfu saba, ukafika elfu nane mia tisa na arobaini, ukatulia. Kurasa ziliendelea kufunguka. Hakuna aliyepiga makofi; walimtazama tu, kama mtu aliyerudi kutoka kesho.

"Ulijuaje?" mkuu aliuliza taratibu.

"Niliwauliza wazazi."

Mwezi ujao anaanza kufundisha wasichana sita kazi hii. Somo la kwanza litakuwa kwenye mapokezi ya hospitali, kila mmoja na daftari, wakihesabu wanaoingia.

"Kompyuta," anasema, "watazikuta wiki ya tatu."