Kikaratasi cha Pande Mbili

Watu husema kazi ya mshauri ni kukaa kitini na kuongea. Uongo mtupu. Huyu wetu alikaa miaka ishirini na sita kwenye chumba chenye dirisha lisilofunguka, akimshauri waziri juu ya nchi jirani na juu ya jeshi, mpaka mgongo ukampinda kwa kuandika.

Waziri, mama mkavu asiyependa maneno mengi, alikuwa na utaratibu wake. Kila jambo liandikiwe karatasi mbili, moja ya kukubali, nyingine ya kukataa, zote ziwe na nguvu sawasawa. Juu ya faili mshauri abandike kikaratasi cha njano chenye neno moja tu, lile analoliamini mwenyewe. Ndiyo maana ofisini wakambatiza Pande Mbili. Hata nyumbani hakupona.

"Baba watoto," mkewe humwuliza, "nitie sukari, au nisubiri karatasi ya pili?"

Siku hiyo jambo lilikuwa zito. Kikosi kivuke mpaka kikalinde daraja la nchi jirani, au kibaki? Vijana mia mbili. Jibu lilitakiwa kabla ya saa kumi. Pande Mbili akaandika tangu asubuhi, akapeleka faili, akarudi kufuta miwani. Simu ikalia. Alikuwa katibu muhtasi wa waziri.

"Mzee, kikaratasi hakipo."

"Nimekibandika kwa mkono wangu!"

"Basi kimeota miguu. Mheshimiwa anauliza uliandika nini."

Akaomba muda kidogo, akakata simu. Aliandika nini? Akapekua meza, mifuko, pipa la taka. Wapi! Akashika nakala zake. Akasoma ya kukubali: daraja likivunjwa, watu wa ng'ambo watakufa njaa. Akasema ndiyo hii. Akasoma ya kukataa: vijana wakivuka, nani atawarudisha? Akasema hapana, ni hii. Akarudia mara tatu. Kila aliyoisoma mwisho ndiyo iliyomteka. Kichwa kikamzunguka kama pia.

Saa tisa na nusu. Angeweza kubahatisha, nani angejua? Lakini mia mbili ni watoto wa watu. Akapanda ngazi mwenyewe.

"Haya, neno lako," waziri akasema.

"Sijui, Mheshimiwa."

"Hujui uliandika nini, au hujui la kufanya?"

"Yote mawili."

Waziri akamtazama kama mgeni. "Miaka yote hii hujawahi kuniambia hivyo." Akainua simu, akamwambia mwenzake wa nchi jirani: jibu mpaka kesho.

Akarudi nyumbani hajui kama kawaokoa vijana au kalipoteza daraja. Kesho saa nne ataulizwa tena, na jibu hana. Mkewe akamvua koti, akabandua kitu cha njano kwenye kiwiko.

"Hiki nini?"

Akageuka ghafla. "Soma! Kimeandikwa nini?"

"Hakina kitu."

"Geuza."

Akageuza. "Na huku pia hakuna."