Ampea Mia Tano Ambazo Sikuzipigia Hesabu

Wapendwa, naandika haya kwa mkono wa kulia, na hilo peke yake lanitosha kumshukuru Mungu.

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Tumati. Nililima mahindi, nikakamua ng'ombe watatu, na kila Jumapili niliwasha jenereta ya usharika. Ilikuwa ndogo, ya ampea kumi. Panya wakitafuna waya ikapiga shoti, ilikohoa na kuzima yenyewe. Fyuzi ilipoungua, niliweka kipande cha waya wa fensi. Miaka mingi hatukupata shida, nikadhani huo ndio ujuzi.

Ndipo tukapata jenereta ya ampea sitini. Bura, fundi wetu, akaja.

"Shikamoo, baba. Usiiwashe kwanza. Tupige hesabu, shoti ikitokea itatoa ampea ngapi, tubadilishe swichi pia."

"Marahaba. Hesabu ya nini? Ikikosea itakohoa kama mwenzake."

Watu walikuwa wakisubiri ibada ya mavuno. Nikaomba, kisha nikasukuma swichi ile ile ya zamani.

Haikukohoa. Panya walikuwa wametafuna waya tena, na swichi ikapasuka mkononi mwangu kwa mwanga mweupe ulioniunguza hadi midomo. Nilisikia harufu ya nyama inayoungua, nikajua ni yangu. Ngozi ya kiganja ilining'inia kama soksi.

Siku ya sita hospitalini kidonda kilitoa usaha wa kijani, homa ikapanda. Daktari alisema, "Mzee, sikufichi. Usaha ukivuka kifundo, tutaukata mkono."

Mke wangu akamjibu, "Daktari, kata huo mdomo uliokataa kumsikiliza Bura. Mkono niachie, ndio unaokamua."

Nesi alicheka. Nami nilicheka, midomo iliyoungua ikapasuka damu.

Kila asubuhi walikwangua nyama iliyokufa, nami nikiuma shuka. Kidole kidogo kilikatwa. Baadaye walichuna ngozi ya paja wakaibandika kiganjani. Wiki ya tatu homa ilishuka, na daktari akasema mkono umetoka hatarini.

Bura alikuja kuniona na daftari. Nilingoja lawama. Akasema tu, "Baba, tupige sasa."

Kitabu cha jenereta kilionyesha kuwa ukinzani wake wa ndani, shoti inapoanza, ni 0.12 tu ya ule wa mzigo wake kamili. Tukagawa sitini kwa 0.12. Mia tano. Ile ndogo, kwa hesabu hiyo hiyo, haikufika hata mia. Ampea mia tano zilihitaji fyuzi halali ya kuzikata; zilikuta waya wangu wa fensi. Hesabu yote ilikuwa fupi kuliko kufungwa bandeji.

Sasa swichi ni mpya na fyuzi ni halali. Nawashukuru daktari, manesi, na mke wangu aliyenilisha kwa kijiko. Nanyi mnaotunza jenereta za makanisa na mashine za kusaga, msipime kubwa kwa tabia ya ndogo. Pigeni hesabu kwanza.

Niliomba ulinzi siku ile, na sijutii kuomba. Ila jibu lilikuwa limetangulia, limesimama mlangoni na kunipa shikamoo, nami nikaliitikia na kulipita.