Kisanduku Kisichotaka Msumari

Baba alikuwa mfuga nyuki huku Kiritiri, na kisanduku cha baruti ya gobore lake alikichonga kama mzinga: gogo moja, kifuniko cha ngozi, vigingi vya mti. Msumari hata mmoja hakutaka, kwa sababu chuma hutoa cheche. Gobore lenyewe lilikuwa la kufukuza nyani kwenye mtama.

Baba alipofariki, ndugu yake mdogo alichukua vyote viwili.

"Hiki ni kisanduku au ni nyumba ya nyuki?" akanicheka. "Shika hapa, nitie bawaba na kufuli kama watu."

Nikamwambia, "Baba mdogo, tumwage baruti kwanza."

"Shule uliacha darasa la nne, leo unanifundisha mimi?"

Nikashika. Akapiga msumari wa kwanza, wa pili. Dada yangu alikuwa ameinama kati yetu, anatuwekea vikombe vya uji.

Mimi nilipoteza vidole vitatu na jicho. Baba mdogo aliungua ndevu tu. Dada tulimzika Jumamosi, na pale kaburini yeye ndiye alisimama akasema ni ajali. Mpaka leo kanisani anashukuru Mungu kwa kumwokoa siku ile.

Haikuwa ajali. Baba mdogo ndiye alimuua dada yangu, na nimemwambia hivyo mbele ya ukoo mzima. Yeye hunijibu kitu kimoja tu: "Na si wewe ndiye ulishika?"

Hapo hunimaliza. Maana ni kweli, nilishika.