Nilimwambia Bibi ameota adhana

Kosa ni langu. Naanza hivyo kwa sababu nyumbani kwetu tulishaulaumu umeme, dereva na hata uzee, na wote hao hawakuwa na kosa. Aliyeharibu ni mimi, binti wa kidato cha tatu ambaye mwalimu akiniuliza swali naliangalia dawati kwanza, kama vile jibu analo lenyewe.

Mimi si msemaji. Huwa naandika kwenye daftari. Lakini haya hata kwenye daftari sikuyaandika yote, ndiyo maana nayaleta kwenu nyie msionijua.

Tunakaa Tunduma, karibu na mpaka kiasi kwamba mbuzi wa jirani hula Zambia na kulala Tanzania. Watu wa huku tunajua jambo moja tangu utoto: wenzetu wa ng'ambo wako nyuma yetu saa nzima. Kwetu ikiwa saa mbili, kwao ni saa moja. Ukipanga kukutana na mtu wa Nakonde unamuuliza kwanza, saa ya kwenu au ya kwetu? Hata mtoto wa chekechea anajua. Na mimi jiografia ndilo somo langu. Naomba mlikumbuke hilo tunapoendelea.

Baba ni dereva wa lori. Aliponipa simu janja yake ya zamani alinionyesha mahali pa kurekebisha saa, akasema, "Hapa weka kwa mkono. Ukiiachia yenyewe itajichagulia nchi." Nikaitikia. Alipoondoka kwenda Kongo nikaibadilisha iwe inajirekebisha yenyewe. Niliona kuweka saa kwa mkono ni mambo ya watu wa vitochi, zile simu ndogo za vitufe.

Chumbani nalala na Bibi, mama yake Baba. Alitoka Ibaba, kule milimani Ileje, akaja kukaa nasi. Kazi yake, aliyojipa mwenyewe, ni kutuamsha. Hana saa. Ni Mkristo wa kwaya ya akina mama, lakini saa yake ni adhana ya msikiti wa jirani. Mwadhini akianza tu, Bibi yuko kwenye milango: "Amkeni! Mwadhini ameshanawa uso, nyie mnamngoja Yesu aje awafunue mablanketi?"

Tangu aje, hakuna mtoto wa nyumba yetu aliyechelewa shule. Mama huwaambia majirani, "Mimi nina mama mkwe, alamu ya nini?" Bibi akisikia anajifanya hajasikia, anatafuta ugoro wake.

Basi mwaka huu huko Ibaba akazaliwa kitukuu wake wa kwanza, wa kike, akapewa jina la Bibi. Jina silitaji, mtanijua. Katika ukoo wetu mwenye jina ndiye anayembeba mtoto hadi mbele ya mchungaji siku ya ubatizo. Bibi alijiandaa mwezi mzima. Alishonewa kitenge. Alimbeba mdogo wangu wa miaka mitano kuzunguka uani, eti anafanya mazoezi ya mikono.

Ubatizo ulikuwa Jumapili, ibada ya saa nne. Gari la kwenda Itumba linatoka stendi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, halafu kutoka Itumba mnapanda bodaboda hadi juu. Tulipaswa kwenda watatu: Bibi, Mama na mimi. Wadogo zangu wangebaki kwa jirani.

Jumamosi umeme ukakatika tangu mchana. Kitochi cha Mama kikazima. Saa ya ukutani nilishaitoa betri wiki iliyotangulia, nikaiweka kwenye rimoti ya king'amuzi. Mimi nilikuwa na pawabenki, kwa hiyo jioni ile nyumba nzima mwenye saa alikuwa mimi peke yangu. Sikujua kama hicho ni cheo.

Jioni hiyohiyo binamu yangu wa Nakonde akapita na laini ya kwao. "Iwe, chukua," akaniambia, ndiyo "wewe" ya kwao. "Bando la kwetu halikimbii kama lenu." Baba hataki laini ya pili kwenye simu ile. Nikaiweka. Nikapakua nyimbo, nikachomeka masikioni eafoni zangu zisizo na waya, nikalala nazo.

Sasa sikilizeni dhambi yenyewe.

Nikasikia naguswa mguu. Bibi. Nikatoa eafoni moja. "Mke mwenzangu, amka," ananong'ona kwa furaha. "Mwadhini tayari."

Nikaangalia simu. Saa kumi na nusu. Adhana yetu msimu ule ilikuwa saa kumi na moja na nusu.

"Bibi, bado saa nzima."

"Nimemsikia."

"Hajaadhini. Ona, simu hii hapa."

Akaitazama ile simu. Bibi hasomi tarakimu vizuri, lakini mwanga wake unamfanya aiheshimu. "Mbona nimemsikia kabisa?"

"Umeota, Bibi. Furaha ya ubatizo hiyo. Lala, mimi nimetega alamu."

Masikio yangu ndiyo yalikuwa yamezibwa usiku kucha. Halafu mimi ndiye niliyemwambia yeye kwamba hakusikia.

Akakaa kidogo kitandani. Akasema, "Haya, mwenye simu," akajilaza na kitenge chake kipya mkononi.

Alamu ililia kumi na moja na nusu ya simu. Mama akafungua mlango wa uani, nikamsikia, "Yesu wangu, kumekucha! Mama, leo vipi?" Ikawa vurugu. Maji hayajachemka, viatu havionekani. Mimi nilitaka kusema tuna saa nzima, lakini Mama akiwa na sauti ile mimi sauti yangu hupotea. Nikasema moyoni, wakifika stendi wataona wenyewe nani ana akili. Nikaoga taratibu. Nikasuka upya na nywele za mbele.

Stendi tulimkuta mpiga debe anafagia mbele ya kibanda chake. Mama na Bibi wakakaa kwenye benchi la mama wa chai ng'ambo ya barabara, mimi nikatumwa kuulizia.

"Itumba? Limeondoka kitambo, dada. Sasa hivi saa moja na dakika kumi."

Nikamwonyesha simu, kwa kujiamini kabisa. Saa kumi na mbili na dakika kumi.

Akaichungulia, akacheka hadi akaegemea ufagio. "Simu yako inaishi Zambia, dada. Iambie irudi nyumbani."

Nilielewa palepale. Sitaki kudanganya hapa. Palepale. Nikazunguka nyuma ya kibanda, nikaitoa ile laini kwa ncha ya hereni, nikaitupa mtaroni. Simu ikaruka mbele saa nzima, bila haya, kama haikuwa imefanya kitu.

Nikavuka barabara. Nikasema, "Limeondoka."

Mama akamgeukia Bibi. Hakumfokea, afadhali angefoka. Alisema kwa upole, "Mama, leo adhana imekupita?"

Bibi akanitazama. Nikautazama mchanga. Akasema, "Niliota kaadhini mapema. Nikarudi kulala. Naona ya kweli ndiyo ikanipita."

"Tungelala hadi mchana," Mama akasema. "Bora huyu mtoto alitega alamu." Akaninunulia maandazi mawili. Nikayala.

Gari lililofuata lilijaa saa tatu. Tulifika Ibaba saa saba kasoro, tukiwa na vumbi hadi kwenye kope. Watu walikuwa wameshatoka kanisani, wanapiga picha. Mtoto alikuwa amebebwa na bibi wa upande wa baba yake, mama mwema tu, alimbeba kwa sababu mchungaji asingeweza kungoja.

Wakampa Bibi mtoto. Akampakata pale nje, akamfunua uso, akamwambia, "Nisamehe, mwenzangu. Nilikuwa nimelala."

Usiku ule niliandika kwenye daftari: Tumechelewa gari. Sikuandika kitu kingine.

Kwenye kundi la ukoo, lile la simu, picha zikamiminika. Baba mdogo akatuma ujumbe wa sauti huku anacheka: "Mama sasa astaafu uamshaji, awaachie vijana wenye simu." Watu wakaweka vikatuni vya kucheka. Mimi kwenye kundi lile huwa naandika Amina tu. Siku ile hata Amina sikuandika.

Nilidhani yataisha. Hayakuisha. Bibi aliacha kugonga milango. Kila alfajiri mwadhini akianza ananigusa mguu taratibu: "Mke mwenzangu, hiyo ni ya kweli?" Naangalia simu, namwambia ni ya kweli. "Haya," anasema. Anabaki kitandani hadi mtu mwingine aamke.

Ikawa si adhana peke yake. Chumvi akishatia anauliza kama ametia. Akiitwa anauliza, nimeitwa kweli? Nikamsikia Mama anaongea na Baba kwenye simu: "Mama ameanza kuchanganya mambo. Naogopa kumwacha na moto." Kesho yake nikaona Mama anaficha kiberiti juu ya kabati la vyombo. Bibi naye aliona. Hakukiomba. Yule Bibi aliyelea watoto saba kwa moto wa kuni, sasa anangoja achemshiwe chai.

Nilikaa na hilo wiki tatu. Alamu sikuitega tena hata moja, na kila siku nilikuwa macho kabla ya mwadhini.

Jumamosi moja akanigusa mguu. "Mke mwenzangu, hiyo ni ya kweli?"

"Ni ya kweli, Bibi. Na ya siku ile nayo ilikuwa ya kweli."

Nikamweleza gizani, kwa sababu mchana nisingeweza. Laini, saa ya Zambia, eafoni, mtaro. Akaketi kitandani.

"Yaani mwadhini aliadhini?"

"Aliadhini."

"Na mimi nikasikia."

"Ulisikia, Bibi."

"Wewe ulijua lini?"

"Palepale stendi."

Nikasikia kikopo cha ugoro kinafunguliwa. Akapiga chafya mbili. Kisha akasimama, akajifunga kitenge, akatoka, na milango ya nyumba ile haijawahi kugongwa vile. "Amkeni! Amkeni! Mwadhini kamaliza, nyie mnakoroma!"

Mama akatoka na macho mekundu. "Mama, leo Jumamosi. Tunakwenda wapi?"

"Hatwendi popote. Kumekucha tu." Akanivuta mkono hadi sebuleni. "Binti yako ana neno."

Nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi. Wadogo zangu wamesimama na shuka zao, Mama ameshika kiuno. Nikasema simu ilikuwa inafuata saa ya Zambia na Bibi hakuota. Mama akakaa chini. Akamwangalia Bibi, akaangalia juu ya kabati.

Halafu akaniuliza, "Na wewe umejua lini?"

Nikafungua mdomo. Nikasema, "Jana, Mama. Nilipokuwa nachunguza simu."

Bibi alikuwa amesimama ubavuni kwangu. Alisikia. Angeweza kusema neno moja. Alipandisha kitenge chake begani, akasema, "Mwache, mtoto hakujua. Kiberiti kiko wapi? Nataka chai."

Hilo ndilo ungamo langu. Habari ya saa ya Zambia kila mtu nyumbani anaijua sasa, na Mama alinilazimisha kutuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la ukoo, nikaurekodi mara kumi na moja. Ile ya stendi haijui mtu ila Bibi. Mimi nilinyamaza akaitwa mzee aliyechoka. Yeye kanyamaza nisiitwe mwongo.

Kiberiti kimerudi jikoni. Picha za ubatizo hazirudi. Mtoto atakua, ataziangalia, atauliza mwenye jina yuko wapi, ataambiwa alichelewa gari.

Wewe mwenye simu inayojua kila kitu, mzee akikuambia kumekucha, toa kwanza hivyo vitu masikioni. Halafu toka nje uangalie mbingu, ndipo umbishie. Na ukishagundua umekosea, sema hapohapo, kabla hujanunuliwa maandazi.

Bibi hajanitajia tena habari ya stendi. Ila kila alfajiri anaamka, ananipita kitandani nikiwa macho, anatoka nje, anafunga mlango wa chumba chetu, kisha anaugonga mara mbili, kama vile humo ndani bado kuna mtu hajaamka.