Nilivyohesabu Mbele ya Wageni

Juzi, kwenye foleni ya vitambulisho, karani alimuuliza bibi mmoja babu yake alizikwa wapi. Nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni mwangu.

Mchana ule, nyumbani Kalangalala, mama alikuwa akikaanga dagaa uani. Waliingia wanaume wawili waliokuwa wakinukia sabuni, nikadhani ni wageni wetu. Sikujua uhamiaji ni nini.

"Mimi ni Msumbwa, mwenyeji wa hapa hapa," mama aliwaambia.

Mmoja akachuchumaa, akaniuliza kama najua kuhesabu. Nilitaka mama ajivunie, nikahesabu kwa sauti kama alivyonifundisha: "Rimwe, kabiri, gatatu."

"Hicho Kirundi umefundishwa na nani?"

"Na mama."

Mama hakunigombeza. Alinikabidhi mwiko, akasema, "Geuza, wasiungue," akapanda gari lao. Niligeuza mpaka moto ukazimika.

Baba alizunguka ofisi zote, lakini mama alikuwa ameshavushwa mpaka, na hatukumwona tena. Baba aliamini jirani yetu, Mama Neema, ndiye aliyemchongea. Aliacha kusalimiana naye mpaka yule mama wa watu alipofariki. Siku ya mazishi yake nilikuwa mtu mzima tayari, na bado sikuwa nimemwambia baba nilivyohesabu.